Sireni Juu ya Kaburi Tupu

Simos alijulikana mtaa mzima wa wafinyanzi, kuanzia lango la mji hadi mwisho wa barabara ya makaburi, kwa mambo mawili: mkono mwepesi wa patasi, na mdomo mwepesi kuliko huo mkono. Fundi wake, mzee Hegias, alipenda kusema kwamba mkono ule utamjengea nyumba na mdomo ule utaibomoa. Kwa hiyo siku Hegias alipopanda mlimani kuchagua marumaru, safari ya nusu mwezi na ushee, aliacha maagizo mawili tu. Usipokee kazi ya farasi, farasi huwawezi. Na akija mfiwa, funga bakuli lako.

Mfiwa akaja kesho yake.

Aliitwa Nikarete, mke wa Glaukias, yule mwenye meli za ngano kule bandarini. Mwanamke wa makamo, nywele amezikata fupi za msiba, nyuma yake mtumishi amebeba kikapu cha tepe za kufunga makaburini. Hakutaka kukaa. Alisema anataka Sireni wa kusimama juu ya nguzo, kimo cha mtoto wa miaka minane hivi, awe tayari kwa tambiko la siku ya thelathini.

"Na siku ya thelathini ni lini, mama?"

"Bado siku kumi na sita."

"Marehemu ni nani?"

"Mwanangu, Eukles. Bahari imemchukua. Kaburi liko tayari, halina mtu."

Hapo Simos alitaka kuuliza mambo mengine mawili matatu. Akakumbuka bakuli lake, akalifunga. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyomtii Hegias, na ndiyo siku aliyoharibu kazi.

Kwa sababu hebu fikiria mwenyewe. Sireni ni nani? Kichwa na kifua cha binti, na kuanzia kiunoni kushuka ni ndege mtupu: manyoya, mkia na kucha. (Huo mkia wa samaki walikuja kumpachika watu wa baadaye, nadhani walioishiwa kuku wa kutazama.) Kazi yake ni kukaa juu ya mwamba na kuimba. Baharia akimsikia anaacha usukani, anamsahau mkewe, anaachana na akili zake, meli inapasuka, basi. Simos alimfahamu vizuri sana, maana alikuwa amechorwa kwenye kikombe kimoja cha mvinyo kwa Syra, mwenye kilabu ng'ambo ya barabara, na Simos alikuwa amekitazama kikombe kile kuanzia kikijaa mpaka kikiisha, mara nyingi kuliko alivyomtazama mama yake mzazi. Pale Sireni alikuwa akiishukia meli kama mwewe, kucha mbele.

Makaburini nako walikuwepo wachache. Lakini Simos aliamini kwamba wale ni wa wapiga zumari na waimbaji, alama ya kazi ya marehemu. Eukles hakuwa mwimbaji. Alikuwa kijana wa meli. Sasa Sireni wa nini?

Jibu alilipata akiwa anajikuna. Kwenye kaburi la askari, si huwa wanachonga na adui wake? Yupo pale, chini ya kwato za farasi, mkuki bado mkononi. Basi aliyezama naye achongewe aliyemzamisha! Mama wa watu anataka muuaji wa mwanawe asimamishwe kando ya barabara, kila mpita njia amwone na amlaani. Haki kabisa. Simos akajipongeza kwa akili, akatema mate viganjani, akashika nyundo.

Alifanya kazi siku tisa. Mabawa yalitoka vizuri, unyoya kwa unyoya. Mikono aliichonga kando, kama ilivyo desturi, ili baadaye aishikize mabegani kwa misumari ya chuma na risasi iliyoyeyushwa. Wa kushoto ulishika kinubi. Wa kulia ulinyooka mbele, vidole vimekunjwa kama kulabu. Lakini uso ndio uliomlaza akitabasamu: mdomo wazi, meno yanaonekana, na kwenye pembe za midomo kicheko cha mtu anayesikia harufu ya nyama ikichomwa.

Syra alivuka barabara kuja kuona, akajishika kifua.

"Miungu yangu! Huyu si wa kaburini, huyu ni mama mkwe wangu!"

Simos akahesabu hiyo kuwa sifa.

Siku ya kumi Nikarete alipita akitoka kaburini. Alisimama mbele ya jiwe. Mtumishi wake alitupa jicho mara moja, akageukia ukutani.

"Huyu ni nani?" aliuliza Nikarete.

"Sireni, mama. Kama ulivyoagiza."

"Ana njaa."

"Eeh! Umeiona!" Simos alichangamka. "Hiyo njaa imenitoa jasho siku tatu. Tazama hapa kwenye meno..."

"Nimeyaona meno."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na Simos, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa na haraka, akajua papo hapo kwamba kuna kitu kimevunjika na si jiwe. Nikarete alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya bonge la marumaru lililokuwa na vumbi, na nguo yake nyeusi ikawa nyeupe nyuma.

"Mwanangu," alisema, "umewahi kumwona mtu anayemweka muuaji juu ya kitanda cha mtoto wake?"

Simos akaeleza. Askari, adui, farasi, mpita njia, laana. Mbele ya kikombe maelezo yale yalikuwa na akili nyingi. Mbele ya mama huyu yalipungua neno baada ya neno, mpaka mwisho yakawa kama mtu anayejitetea kwa kukanyaga mguu wa mwenzake.

"Ungeniuliza," alisema Nikarete.

"Niliambiwa ninyamaze."

"Na nani?"

"Na kila anayenifahamu."

Mama alitoa sauti fupi puani. Haikuwa kicheko, ila ilikuwa jirani yake. Kisha akakishika kile kikapu cha tepe mapajani, akaanza kusimulia bila kumtazama.

"Habari ililetwa asubuhi, na meli ya watu wengine. Walikuta mbao tu. Mimi nikabandika maji. Ukifiwa, mikono inatangulia, kichwa kinafuata baadaye. Maji yakachemka, nikayaepua, nikayatia majani ya kunukia, nikatoa na kitambaa. Nikakaa nayo. Yakapoa. Hakuna wa kuoshwa. Baba yake akaja akaniambia, Mama Eukles, mwaga maji."

"Mkalia, lakini?"

"Tulie wapi? Sheria ya mji unaijua. Kilio ni ndani ya nyumba, kando ya maiti. Barabarani kimya, kaburini kimya. Usijikwaruze mashavu, usijing'oe nywele watu wakakuona. Haya, na maiti hayupo. Baba Eukles akasema hatuwezi kulilia godoro. Kikabebwa kitanda kilichotandikwa, kitupu, nasi tukakifuata kama watu wanaohama nyumba."

Simos alikuwa na mzaha mmoja juu ya watu wanaohama nyumba. Aliumeza.

"Ndiyo maana namtaka huyu," alisema Nikarete. "Mimi nimekatazwa. Yeye hakuna aliyemkataza. Asimame barabarani mchana kweupe, ashike nywele zake, alie, na mtu asimwambie nyamaza."

"Lakini mama, usinikasirikie. Hawa si ndio wanaozamisha watu?"

"Nani kasema?"

"Mabaharia. Kila mtu."

"Mabaharia waliopita salama," alisema. "Hadithi yao yote imeletwa na waliorudi. Mtu amesikia sauti kwa mbali, ametoka mbio roho mkononi, amefika kilabuni, na sasa ni shujaa. Mwenzake akachora kwenye kikombe. Wewe ukatoa kwenye kikombe ukaweka kwenye jiwe. Yupo aliyesimama akawauliza wenyewe?"

"Hata mimi sikukuuliza wewe," Simos alikiri.

"Bibi yangu alinisimulia vingine. Walikuwa mabinti, wanacheza na mwenzao kwenye majani, wanachuma maua. Ardhi ikapasuka, mfalme wa wafu akamchukua yule mwenzao. Wakamkimbilia. Wakamtafuta mpaka nchi kavu ikaisha. Walipofika ufukweni wakawaomba miungu mabawa, wamtafute na baharini. Ule si wimbo, kijana. Wanaita."

"Na walimpata?"

"Ungekuwa wewe, umeshampata, ungeendelea kuita?"

Ng'ambo Syra alikuwa akimfokea mtu kwa kumwaga maji mlangoni.

"Na jambo moja zaidi," alisema Nikarete, akisimama. "Kama kuna aliyemsikia mwanangu mwisho, ni wao. Si mimi, wala si baba yake. Wao ndio waliokuwa pale kwenye miamba. Namtaka aliyemsikia. Hizo siku zilizobaki zitakutosha?"

Simos alilitazama jiwe. Marumaru unaweza kuitoa, huwezi kuirudisha. Kila alichokosea kilikuwa kimeshaanguka chini kuwa vumbi, na vumbi lenyewe mama amelibeba nyuma ya nguo yake.

"Zitatosha," alisema. Alikuwa hajui.

Mkono wa kulia aliung'oa begani na kuchonga mwingine, uliokunjwa, vidole vimezama ndani ya nywele. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Uso ndio uliomtesa. Meno aliyaondoa kwa keekee, polepole, akiingia ndani zaidi na zaidi, mpaka mdomo ukabaki tundu lenye kiza. Pembe za midomo alizishusha kwa unene wa ukucha. Unene wa ukucha tu, na ile njaa ikageuka. Alirudi nyuma hatua tatu akatazama, akaenda kukaa nje kidogo. Kisha akarudi, akachukua patasi ndogo kuliko zote, akamkwaruza mashavu, mistari minne minne.

Siku hizo Syra alimwuliza kama anaumwa, maana alikuwa hajamtania mtu tangu juzi.

Siku ya ishirini na nane ya msiba Nikarete alikuja tena. Simos alikuwa akipaka rangi: nywele rangi nyekundu ya udongo, mabawa ya buluu. Mama alimzunguka Sireni mara mbili. Alinyoosha kidole akagusa ile mistari shavuni, akakirudisha kidole na kukishika kwa mkono mwingine, kana kwamba kimeungua. Kabla hajasema kitu, nje ng'ombe alikoroma, magurudumu yakasimama, na Glaukias akaingia na wapagazi wawili. Mmoja alishika mtaimbo.

"Mwenye karakana ni nani?"

"Mwenyewe yuko mlimani, mzee. Mimi ni yule wa kulaumiwa."

Glaukias hakucheka. Alikuwa mtu mnene wa mabega, ndevu hazijachanwa siku nyingi. Alimwona mkewe, kisha akamwona Sireni.

"Nimeambiwa bandarini, Mama Eukles. Bandarini, mbele ya watu! Eti Glaukias, tunasikia mwanao umemwozesha, umemwozesha yule aliyemla. Wakacheka. Watu niliowalisha wakacheka. Nikasema uongo, mke wangu hawezi." Akamgeukia mpagazi. "Lete hicho chuma."

Simos alijikuta amesimama kati ya mtaimbo na jiwe. Hakukumbuka kuamua. "Mzee wangu, rangi bado mbichi, utajichafua bure."

"Toka, wewe."

"Baba Eukles," alisema Nikarete.

"Usiniambie kitu. Hawa wamemuua mwanangu."

"Hawakumuua."

"Nani, basi?" Glaukias alipaza sauti mpaka ng'ombe kule nje akageuza kichwa. "Sema! Meli ilikuwa nzima, nimeikagua mwenyewe. Nahodha hakuna kama yule. Kama si hawa ni nani? Nani kamuua, Mama Eukles?"

Mpagazi mwenye mtaimbo aliushusha akaanza kuukagua ncha, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba anapenda sana vyuma.

"Sijawahi kusema ni wewe," alisema Nikarete mwishowe.

"Hujawahi kusema si mimi."

Basi yakatoka. Kilimia, lile kundi la nyota, kilikuwa kimeshazama, na Kilimia kikizama hakuna mwenye akili anayeondoa meli. Nyavu zinaanikwa, nanga zinapakwa mafuta, watu wanangoja machipuko. Eukles alisema tungoje, baba. Na baba yake, mbele ya wapakiaji na makarani, alimwambia kwamba anaogopa mawingu kama msichana. Kijana akapanda.

"Nilimwita msichana," alisema Glaukias. Alimwambia Simos, kwa kuwa Simos alikuwa ndiye mtu asiyemjua. "Neno la mwisho nililompa. Msichana."

Simos alikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Kwa kawaida ilitoka yenyewe. Leo ilisimama mlangoni, ikatazamana, ikarudi ndani.

"Nilikuwepo," alisema Nikarete. "Unadhani nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ningeweza kumshika nguo. Ningeweza kulala chini mbele ya meli yako, watu wakasema mke wa Glaukias ana kichaa. Nilifanya nini? Nilimfungia mkate na zeituni. Nikamwambia ajifunike shingo. Tulimpandisha wote wawili, Baba Eukles. Wewe endelea kumtafuta muuaji. Mimi namtafuta mwanangu."

Glaukias alikaa. Hakukuwa na kiti, alikaa tu, kwenye mchanga wa kusugulia, magoti juu. Kutoka pale chini alikuwa akimtazama Sireni usoni kwa mara ya kwanza, kwa maana wakati alipoingia alitazama kucha.

Alimtazama kwa muda mrefu.

"Anaimba nini?" aliuliza.

"Haimbi, mzee," alisema Simos. "Anaita."

"Na hicho kinubi?"

Simos alikitazama kinubi. Kilikuwa kizuri. Nyuzi saba, amezitenganisha moja moja, hata Hegias angekohoa kwa wivu. Lakini kilitoka kwenye kikombe. Katika kuhangaika kote na uso hakuwa amekiona, kama usivyoona pua yako mwenyewe. Mtu anayeng'oa nywele zake kwa mkono mmoja hapigi kinubi kwa mwingine.

"Hicho ni kosa langu," alisema.

Alichukua nyundo na patasi, akashika mkono wa Sireni kwa chini kama unavyomshika mgonjwa unayemfungua kidonda, akagonga mara tatu. Kinubi kilianguka mchangani karibu na mguu wa Glaukias. Kiganja kilibaki kimefunguka, kinatazama juu, hakina kitu. Simos akakisugua mpaka alama ya kuvunjika ikaisha.

"Wapakiaji watacheka tena," alisema Glaukias, bila kumwambia mtu.

"Watacheka," alisema Nikarete.

Glaukias alijiinua. Alijipangusa mchanga, akawaambia wapagazi watandike majani garini, mengi, huyu asiguswe bawa. Mwenye mtaimbo aliuliza na huu mtaimbo je. Akaambiwa ausukumie chini ya jiwe, wamwinulie.

Siku ya thelathini, asubuhi, walimsimamisha. Simos alikuwa juu ya ngazi, amewasha jiko dogo la makaa pale chini na kupanda na upawa wa risasi iliyoyeyuka, ya kushikizia miguu kwenye tundu la nguzo. Barabara ilikuwa na watu: wenye punda, wauza mboga, mzee mmoja msafi na fimbo yake. Jamaa wachache wa Glaukias walisimama na vikapu vya keki za asali, na maziwa ya kumwagia kaburi. Nikarete alifunga tepe kwenye nguzo, moja, mbili. Ya tatu haikufungika. Vidole vilikataa. Aliinua kichwa kumtazama yule aliye juu, mdomo wazi, mkono kwenye nywele. Halafu sauti ikatoka.

Hata yeye ilimshtua. Ilikuwa sauti ya siku thelathini. Punda alisimama. Jamaa wakatazamana, shangazi mmoja akasogea amshike mdomo, lakini Glaukias alimrudisha shangazi kwa mkono, akavua joho lake, akalitandaza kwa mikono miwili kati ya mkewe na barabara, kama mtu anayemkinga mwenzake akibadili nguo. Na yeye mwenyewe, nyuma ya joho, uso ulikuwa umelowa.

Yule mzee wa fimbo alisimama.

"Bwana, hii ni nini? Siku ya thelathini hayaruhusiwi makelele. Msiba wenu umeshapita."

"Pita, ndugu yangu," alisema Glaukias. "Sisi ndiyo kwanza tunazika."

Mzee aliutazama uso wa Glaukias, akapita.

Juu ya ngazi Simos alikuwa amesahau alichopandia. Risasi ilikuwa imegandia kwenye upawa. Alishuka taratibu, bila kugongesha ngazi, akapuliza makaa, akaanza kuiyeyusha upya.